Kompyuta niliyoiunganisha mwenyewe inaganda ovyo, nimetumia hela mpaka basi

kamera_makole

Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo, ila tafadhali msiniambie "peleka kwa fundi", mafundi wameshaigusa na kila mmoja ana lake.

Niko Makole, Dodoma mjini. Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za harusi, sendoff, kipaimara, na mikutano pale wanaponiita. Laptop ilinichosha, nikaanza kununua vifaa kidogo kidogo, vingine vipya, vingine vya mtumba kutoka Kariakoo, vikaja kwa basi, nikaviunganisha mezani kwangu. Ndani kuna Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450 yenye nafasi nne za RAM, kadi ya picha GTX 1660 Super, pawasaplai ya wati 550, SSD ya SATA GB 500 yenye Windows 10, na diski ya TB 2 ninayowekea kazi za wateja. RAM zilikuwa mbili za GB 8, baadaye nikaongeza mbili za kampuni nyingine, sasa jumla GB 32.

Shida: inaganda. Haina saa, haina sababu. Naweza kurenda (kutoa video iliyokamilika) harusi nzima, mashine inanguruma weee, hakuna kitu. Halafu nafungua YouTube nipumzike, inaganda. Au natoka kununua maandazi, narudi naikuta imekauka. Mara nyingine mausi inatembea vizuri ila kila ninachobofya kinageuka cheupe, nikivumilia inarudi yenyewe. Mara nyingine kila kitu kinasimama na spika zinabaki na mlio mmoja zzzzzz, hapo hairudi mpaka nishikilie swichi izime.

Nimeshaweka Windows upya. Nimebadilisha draiva ya kadi ya picha. Nimepuliza vumbi, na mnajua vumbi la huku kuanzia Juni upepo ukianza, ukifunga dirisha linapita chini ya mlango. Joto la prosesa halizidi nyuzi 75 nikiwa narenda. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, najaziwa Kernel-Power 41 kila mara. Fundi wa kwanza kasema 41 maana yake pawasaplai imekufa, ninunue. Wa pili kasema mazabodi.

Kingine, sijui kama kinahusika: nikigusa kasha kwa mgongo wa mkono linanitekenya.

Kwenye hiyo diski kuna sendoff ya watu na mama mwenye shughuli ananipigia kila asubuhi.

pasua_kichwa

Dada huo ni umeme. Huku kwetu Nkuhungu jioni taa zinafifia kabisa, kila mtu amewasha pasi na jiko. Nunua UPS kubwa (betri ya akiba) utanishukuru. Mimi friji yangu ilipona hivyo hivyo.

area_d_gamer

Ryzen hizo zina ugonjwa wa kuganda zikiwa hazina kazi. Ingia BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuwaka, utafute palipoandikwa Power Supply Idle Control, weka Typical Current Idle. Rafiki yangu Ryzen 5 1600 yake ilipona hapo hapo.

Na XMP, ule mpangilio wa BIOS wa kuongeza mwendo wa RAM, umewasha?

kamera_makole

XMP imewashwa, RAM zote zimeandikwa mwendo wa 3200 nikaona niziendeshe kwa 3200. Huo mpangilio wa idle nimeubadilisha sasa hivi, tuone.

kamera_makole

Imeganda tena. Nilikuwa nimefungua tu barua pepe.

mzee_bisibisi

Mbukwenyi. Nimeusoma uzi tangu juu, na wote mmeruka kitu ambacho dada amekisema mwenyewe.

Amesema mara nyingine mausi inatembea, vitu vinakuwa vyeupe, kisha inarudi. Halafu akasema mara nyingine kila kitu kinasimama, spika zinalia mlio mmoja, hairudi. Mwanangu, hayo ni magonjwa mawili. Ukiyaandika kwenye daftari moja kwa jina moja "inaganda", hutaona mpangilio wowote. Ndiyo maana unaona haina sababu. Kila ukifikiri umeshika mkia, kumbe ni mkia wa mnyama mwingine.

Tuanze na hiyo 41 kwa sababu imeshakaribia kukulia hela. Kernel-Power 41 inasema kitu kimoja tu: mashine imewaka bila kuwa imezimwa kwa utaratibu. Basi. Haisemi kwa nini. Wewe ukishikilia swichi mpaka izime, Windows ikiwaka inaandika 41. Kwa hiyo nyingi ya hizo umeziandika wewe kwa kidole chako. Fundi aliyesoma 41 akaona pawasaplai amesoma kichwa cha habari.

Pawasaplai mbovu ningeitilia shaka kama mashine ingezima ghafla au kujiwasha upya, hasa unaporenda, pale prosesa na kadi ya picha vinapokula umeme mwingi kwa pamoja. Yako inarenda harusi nzima bila shida na inaganda kwenye barua pepe. Siifuti, ila naipeleka mwisho wa foleni. Mazabodi nayo ndiyo kitu cha mwisho kununua, kwa sababu huwezi kuithibitisha mpaka uwe umetoa lawama kwa vingine vyote.

Sasa fanya hivi. Ikiganda tena, kabla hujagusa swichi, bonyeza Caps Lock na uangalie taa yake kwenye kibodi. Taa ikiitika, moyo wa Windows bado unapiga, kuna kitu unakingoja, na mara nyingi kinachongojwa ni diski. Taa isipoitika hata ukisubiri, imekufa yote: hapo fikiria RAM, prosesa, kadi ya picha, umeme wa ndani. Andika kwenye karatasi: saa, ulikuwa unafanya nini, taa imeitika au haikuitika. Karatasi kabisa, siyo faili kwenye hiyo hiyo kompyuta.

Pili, rudi Event Viewer, Windows Logs, System. Achana na 41, angalia mistari iliyotangulia. Ukiona namba 129 ya storahci, ile inayosema imetuma reset kwa RaidPort, au 153 ya disk inayosema kazi ya kusoma au kuandika imerudiwa, basi Windows ilikuwa inagonga mlango wa SSD na SSD haiitiki. Ukiona WHEA-Logger, hiyo ni prosesa au njia zake zinalalamika. Usipoona chochote kabla ya 41, usifikiri hakuna kosa. Mashine iliyokufa ghafla haina nafasi ya kuandika wosia.

Tatu, weka CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ni ya bure, piga picha ukurasa wa SSD na wa diski kubwa, uziweke hapa.

Usinunue kitu bado. Na usiweke Windows upya tena. Kuweka Windows kwenye mashine ambayo huenda inakosea kuandika ni kuongeza makosa mapya juu ya ya zamani.

pasua_kichwa

Mzee kwa hiyo umeme hauhusiki kabisa? Mbona kasha linamtekenya?

mzee_bisibisi

Hilo nililiacha makusudi, ni somo lake peke yake.

Kutekenya kwa kasha ni dalili kwamba hakuna waya wa ardhi. Ndani ya pawasaplai, pale umeme unapoingia, kuna vikapasita vidogo vya kuchuja kelele. Kimoja kinatoka kwenye waya wa moto kwenda kwenye kasha, kingine kinatoka nyutro kwenda kwenye kasha. Ardhi ikiwepo, kile kidogo kinachopita kinashuka zake chini hukihisi. Ardhi isipokuwepo, kasha linaning'inia katikati ya hizo mbili, kwenye umeme wa 230 linakaa kama volti 115 hivi, ila kwa mkondo mdogo sana, ndiyo maana linatekenya badala ya kukurusha. Ukiligusa huku umeshika bomba la maji au kifaa kingine chenye ardhi utalihisi vizuri zaidi.

Dada angalia ekstensheni yako. Nyingi za mezani zina matundu matatu juu lakini waya unaokwenda ukutani una nyaya mbili tu ndani, tundu la tatu ni pambo. Kama ekstensheni ni nzima, basi soketi ya ukutani haina ardhi, hapo mwite fundi umeme. Sidhani ndicho kinachogandisha, ila usikiache. Siku hicho kikapasita kikipata shoti, kasha zima linakuwa waya wa moto na wewe unalishika kila siku.

kamera_makole

Shikamoo mzee. Nimekaa na daftari kama ulivyosema.

Kweli ziko mbili! Ile ya vitu kuwa vyeupe, Caps Lock inawaka na kuzima kama kawaida, ninasubiri kama dakika moja, inarudi. Event Viewer kila ilipotokea kuna 129 ya storahci, saa zinalingana kabisa na zangu za kwenye daftari. Ile ya mlio, taa haiitiki, na kwenye Event Viewer hakuna kitu, inatoka kwenye mambo ya kawaida inaruka mpaka 41.

CrystalDiskInfo: diski kubwa iko Good, C5 na 05 (zile za kuhesabu sehemu mbovu za diski) zote ni sifuri. SSD iko Good pia asilimia 94. Sasa kama ni Good mbona 129? Kitu pekee chenye namba ni C7, imeandikwa 1A6.

Ekstensheni nimeifungua. Nyaya mbili.

mzee_bisibisi

Marahaba mwanangu. Hiyo ndiyo kazi.

C7 ndiyo jibu la ugonjwa wa kwanza, au karibu yake. Hiyo inahesabu mara ambazo taarifa iliyosafiri kati ya mazabodi na SSD ilifika imeharibika, ikabidi irudiwe. Yaani siyo makosa ya ndani ya SSD, ni ya barabarani. SSD ni nzima, ndiyo maana programu inakwambia Good kwa roho safi. CrystalDiskInfo inaandika namba hizo kwa mtindo wa heksadesimali, 1A6 ukiigeuza ni 422. Haishuki kamwe hata ukitengeneza, kwa hiyo usihangaike kuirudisha sifuri. Unachotazama ni kama inapanda.

Fungua ubavu wa kasha uangalie kebo ya SATA ya SSD. Nataka kujua imetoka wapi, imekunjwaje, na kama ina kile kishikio cha chuma kinacholia "tik" ukiichomeka.

kamera_makole

Kebo ilitoka kwenye kompyuta mbovu ya ofisini kwa shemeji, ilikuwa ya mashine ya DVD. Haina kishikio. Nilipofunga ubavu wa kasha ilikuwa inagusa, nikaikunja ikalala.

mzee_bisibisi

Weka mpya, yenye kishikio, fupi kadiri inavyofaa, isikunjwe kama karatasi, na uichomeke kwenye tundu jingine la SATA kwenye mazabodi ili tujue na tundu si lenyewe. Hapana, ngoja. Badilisha kebo kwanza, tundu liache lile lile. Ukibadilisha vyote viwili, ikipona hutajua ni kipi. Kama C7 bado inapanda baada ya kebo mpya, ndipo uhame tundu.

Ugonjwa wa pili sasa. Una RAM nne, za kampuni mbili tofauti, kwa 3200. AMD wenyewe kwa kizazi hicho cha Ryzen 3000 wanasema 3200 ni kwa RAM mbili. Ukijaza nafasi zote nne wanashuka: 2933 kama RAM zina safu moja ya chipu, 2667 kama zina safu mbili. Hiyo 3200 iliyoandikwa kwenye stika ni ahadi ya mwenye RAM kwa pea yake ikiwa peke yake, hajui umeiweka na nani. Na XMP, ambayo mazabodi nyingine zinaiita DOCP, ni kuendesha RAM juu ya mwendo wake wa kawaida, hata kama kila mtu anaiwasha.

Utaniuliza mbona inarenda bila shida. Kwa sababu kosa la RAM lina ubaguzi wa mahali linapoangukia. Likiangukia kwenye picha ya video, utapata doa la rangi kwenye fremu moja, nani atalijua? Likiangukia kwenye moyo wa Windows au kwenye draiva, kila kitu kinasimama pale pale. Sasa nikuulize: hujawahi kuona vimraba vya kijani au zambarau kwenye video iliyotoka? Au faili la zip linalokataa kufunguka? Au kurasa za Chrome zinazokufa zenyewe?

kamera_makole

Mzee umenitisha. Vimraba vya kijani nimeviona, kwenye kipaimara cha Chamwino, nikasema ni kadi ya kamera. Na Chrome kurasa zinakufa hovyo, nikadhani ni bando.

mzee_bisibisi

Basi kabla ya yote zima XMP ndani ya BIOS, RAM zirudi kwenye mwendo wake wa kawaida, ndipo unakili hiyo sendoff kwenye diski ya nje. Usinakili sasa hivi kwa hali hiyo, kwa sababu faili linapita kwenye RAM, na likiharibika njiani huambiwi. Ukimaliza, fungua video kutoka kwenye nakala, ziangalie, usiamini tu kwamba zimo.

Kisha pakua Memtest86+, programu ya kupima RAM, iweke kwenye flashi, uwashe mashine kutokea kwenye flashi. Windows haihusiki kabisa hapo, ndio uzuri wake. Jaribu RAM zote nne na XMP ikiwa imewashwa, tukiwa tunataka kosa lijitokeze. GB 32 huchukua saa nyingi, iache ilale usiku. Angalia Luku kwanza. Mstari mwekundu hata mmoja ni mbaya, hakuna makosa machache yanayovumilika kwenye RAM.

Ukipata kosa, toa pea mpya, jaribu pea ya zamani peke yake. Kisha kinyume chake. RAM zikiwa mbili zinakaa nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, mazabodi nyingi ziko hivyo, thibitisha kwenye kitabu chake. Toa waya wa umeme ukutani kabla hujaingiza mkono. Na ukiona meno ya RAM yamefifia, yasugue na raba ya penseli, pangusa, rudisha.

area_d_gamer

Mzee na kusasisha BIOS je? Mazabodi za B450 zilipata matoleo mengi yanayorekebisha RAM.

mzee_bisibisi

Ni kweli, na inaweza kusaidia. Ila si leo. Kwanza apate jibu, kwa sababu akisasisha kabla ya kupima tutakuwa tumebadilisha kitu ambacho hatukukipima. Pili, BIOS ikikatikiwa na umeme katikati ya kuandikwa, mazabodi nyingi za bei hiyo zinageuka kuwa sinia. Hapo ndipo UPS ya ndugu yetu pasua_kichwa ina heshima yake.

pasua_kichwa

Nilisema mimi 😂

kamera_makole

Wakuu nimerudi na majibu, samahani kwa kukaa kimya, nilikuwa na harusi Kondoa.

Kebo nimenunua elfu tano mitaa ya sokoni Majengo, ina kishikio. Tundu nimeliacha lile lile. C7 imesimama kwenye 1A6 haijasogea hata moja, na 129 haijaonekana tena kwenye Event Viewer.

Memtest: RAM nne na XMP imewashwa, nilikuwa hata sijalala, mistari myekundu ikaanza kumwagika. Pea ya zamani peke yake kwa 3200, usiku mzima safi. Pea mpya peke yake kwa 3200, safi pia. Kwa hiyo hakuna RAM mbovu hata moja! Zikikaa nne ndipo zinagombana. Nikaziweka nne kwa 2666, nikaiacha mpaka asubuhi, hakuna kosa.

Nimeona niziache nne kwa 2666 kwa sababu mradi wa harusi unakula zaidi ya GB 20 nikiweka rangi. Nimerenda video ile ile kwa pea moja ya 3200 na kwa nne za 2666, tofauti siioni kwa macho, labda kwa saa ya mkononi. Mpangilio wa idle nimeurudisha ulivyokuwa, na bado haijaganda, ya mausi wala ya mlio.

area_d_gamer

Jaribu 2933 basi, ikipita usiwe unaacha mwendo mezani.

kamera_makole

Kaka, kazi za watu zimo humo. Siku nikiwa sina mteja nitajaribu.

Sendoff imeshatoka, nimeikagua fremu kwa fremu sehemu za zawadi maana huko ndiko akina mama wanasimamisha video. Kile kipaimara cha Chamwino nimekirenda upya, nimempigia mwenye kazi aje achukue flashi nyingine bila malipo. Ekstensheni nimeitupa. Nimenunua yenye nyaya tatu, kasha bado likawa linatekenya, kidogo tu. Fundi umeme akaja akafungua soketi ya ukutani: waya wa ardhi upo, umekunjwa nyuma ya soketi, haukuwahi kufungwa tangu nyumba ijengwe. Kaufunga hapo hapo, akapita na soketi nyingine zote.

Mzee, ile pawasaplai niliyoambiwa ninunue ilikuwa laki na ishirini.

mzee_bisibisi

Weka hiyo laki kwenye diski ya nje ya pili. Kazi za wateja kwenye diski moja ya TB 2 ni jambo ambalo sikutaka kulisema wakati una presha.

pasua_kichwa

Na mimi nina yangu ya ofisini inaganda, mausi inatembea lakini Caps Lock haiitiki. Hiyo ni ipi?

mzee_bisibisi

Fungua uzi wako, andika kilichomo ndani, na kama kibodi yako ni ya bluetooth useme mapema kabla hatujahangaika na taa.